UZI: Bamba la graundi chini ya antena ya robo wimbi: likiwa kubwa geini inaongezeka, au inapelekwa juu tu?

#1 · pampu_ya_shamba

Wakuu wa redio, habari za jioni. Naomba msaada kabla sijampelekea fundi bati akate.

Kifaa ni getiwei (kituo cha kupokelea) ya LoRa, redio ya nguvu ndogo inayofika mbali, ya 868 MHz. Inapokea vipimo vya kiwango cha maji kutoka kwenye matangi, na tangi la mbali kabisa liko kilomita 4. Antena ni robo wimbi (fimbo yenye urefu wa robo ya wimbi) ya kujitengenezea: soketi ya N ya kufunga kwenye paneli, waya wa shaba umelehemiwa kwenye pini ya katikati, chini yake bamba la bati bapa kama graundi (upande wa kurudishia mkondo). Nguzo ni ya mita 6, antena ya kwenye tangi iko kama mita 1.5 kutoka ardhini.

Bamba la kwanza ni mraba wa sm 15, la pili mraba wa sm 100. Kwenye NanoVNA (kipima antena), SWR (inaonyesha nguvu inayogoma kuingia kwenye antena; 1 ndiyo bora) imeshuka kutoka 2.3 hadi 1.4 kwa bamba kubwa. Nilitegemea tangi la mbali lisikike vizuri zaidi, lakini RSSI (nguvu ya mawimbi yanayopokelewa) imepungua kama dB 2 (dB 3 ni nguvu mara mbili). Vitabu vinasema robo wimbi juu ya graundi inatoa geini ya 5.15 dBi (yaani dB ikilinganishwa na antena ya nadharia inayorusha sawa pande zote), ambayo ni dB 3 zaidi ya dipoli, antena ya fimbo mbili. Hizo 3 zimekwenda wapi? Nikate bamba la mita 2?

#2 · Mzee_Koili

Usikate. Bati la mita 2 litakuongezea mzigo wa upepo kwenye nguzo na tatizo litabaki palepale.

Ile 5.15 dBi ni ya bamba lisilo na mwisho, la chuma kisichopoteza chochote. Hapo bamba linakuwa kioo: fimbo ya robo wimbi na taswira yake chini vinafanya dipoli kamili, lakini nguvu yote inatoka nusu ya juu tu kwa sababu chini hakuna anga la kumwagia. Nguvu ileile katika nusu ya nafasi ni dB 3 juu ya 2.15 ya dipoli. Na kilele cha geini hiyo kinalala kwenye upeo wa macho, sambamba na bamba.

Bamba lako lina ukingo, na hapo ndipo hesabu ya kitabu inapokufa. Wimbi linalosafiri likiwa limegusa bamba linafika ukingoni, chini halina tena cha kuliegemeza, linapinda na kumwagika hata upande wa chini. Kwa bamba kubwa lenye mwisho, nguvu ya uga kwenye upeo inabaki takriban nusu ya ile ya bamba lisilo na mwisho. Nusu ya uga ni kushuka dB 6. Toa 6 kwenye 5.15 unapata kama −0.9 dBi. Ongeza bamba liwe mara mbili, mara tano, upeoni utaendelea kuzunguka −1 dBi. Kinachobadilika ni kilele: kinaukaribia ule 5 wa kitabu, ila kimeinuka angani. Bamba lenye kipenyo cha urefu wa wimbi mmoja, kilele kinakaa nyuzi 30 hadi 40 juu ya upeo. Ukiendelea kulipanua kinashuka, lakini kwa mwendo wa kinyonga.

Urefu wa wimbi kwa 868 MHz ni mm 345. Bati lako la mita 1 lina karibu mawimbi matatu upana. Linamulika mawingu vizuri sana. Sasa pima pembe ya tangi lako: tofauti ya kimo mita 4.5, umbali mita 4,000. Hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya nyuzi moja. Tangi liko upeoni kabisa, mahali ambapo bamba kubwa ndiko linakokunyima.

Bamba la sm 15 lina nusu upana wa sm 7.5, kama 0.22 ya wimbi. Hapo antena inatenda karibu na dipoli: kilele ni kidogo, kama 2 dBi, lakini hakijapanda sana na upeoni unabaki na 1 hadi 2 dBi.

#3 · binti_saketi

Naongezea hesabu ya SWR, maana wengi wanadanganyika hapo.

Bamba dogo au miguu minne iliyolala mlalo (nyaya za graundi badala ya bamba) inaupa mdomo wa antena, pale kebo inapounganishwa, impidansi (upinzani kwa mawimbi) ya ohm ishirini na kitu. Tuseme 22. Kwa kebo ya ohm 50 hiyo ni SWR 2.27, na hasara ya kutolingana ni dB 0.7. Bamba kubwa linazunguka ohm 36, na ukipunguza fimbo kidogo ili kuondoa ile sehemu ya reaktansi (upinzani usiokula nguvu), SWR inakuwa 1.39 na hasara dB 0.12. Kwa hiyo kushuka kwako kutoka 2.3 hadi 1.4 kumekurudishia dB 0.6. Basi.

Upande wa pili umepoteza kama dB 2.5 za upeoni. Toa 0.6, unabaki na pungufu ya dB 2, ndiyo hiyo umeiona kwenye RSSI. Vipimo vyako viko sawa, mkuu, ila NanoVNA inakwambia nguvu ngapi imeingia kwenye antena. Haikwambii imeelekea wapi. Hata rezista ya ohm 50 ina SWR ya 1.0.

Jambo jingine: fimbo iliyokatwa robo wimbi kamili, mm 86 kwa masafa yako, juu ya graundi pana ina takriban ohm 36.5 pamoja na reaktansi ya ohm 21 ya kikoili. Hiyo peke yake ni SWR karibu 1.8. Ndiyo maana tunakata asilimia 5 pungufu, mm 82.

#4 · pampu_ya_shamba

Shikamoo Mzee Koili, na asante binti_saketi. Nimeelewa kwamba bamba kubwa linainua mwale. Basi nirudi kwenye sm 15? Tatizo la lile dogo, SWR inabadilika nikishika kebo. Ukisogeza kebo kwenye nguzo inapanda hadi 2.8, ukiiachia inashuka.

#5 · Mzee_Koili

Marahaba. Hiyo ya kushika kebo ina maana kebo imekuwa sehemu ya antena. Mkondo unaopanda kwenye fimbo lazima upate mwenzake wa kurudi upande wa graundi. Bamba likiwa dogo halimudu kuupokea wote, mkondo unaobaki unateremka kwenye ngozi ya nje ya kebo, na kebo inaanza kurusha. Mwelekeo unaharibika, na kelele za chaja, za sola na za moduli yenyewe zinapanda kwa njia hiyohiyo hadi kwenye kipokezi.

Tanga_RF akuelekeze miguu minne ya kuinamisha. Ndiyo dawa ya kazi yako.

#6 · Tanga_RF

Sawa mzee. Mkuu, acha bati. Soketi ya N unayo, na ina matundu manne kwenye pembe zake, hizo ndizo nanga za miguu.

Waya: chukua waya wa umeme wa nyumba wa 2.5 mm², ule wenye uzi mmoja, umenye. Kipenyo chake ni karibu mm 1.8, unasimama wenyewe kwa urefu huu. Ule wa 1.5 mm² unapinda ndege akitua. Fimbo ya katikati, kata mm 86, lehemu kwenye pini, halafu utaipunguza. Urefu unahesabiwa kuanzia pale pini inapotoka kwenye plastiki nyeupe ya soketi, kwa hiyo sehemu ya pini imo ndani ya hesabu. Watu wanapima waya mezani mm 86, wanalehemu juu ya pini ya mm 6, kisha wanashangaa antena imelala chini kabisa ya 868 MHz.

Miguu: vipande vinne vya mm 110. Pinda mwisho kuwa pete ya bolti ya M3, funga kwenye matundu kwa bolti ya chuma cha pua na washa yenye meno, kila mguu ubaki na mm 90 toka ukingo wa soketi. Miguu iwe mirefu kuliko fimbo kwa asilimia 5 hivi. Ikizidi kidogo haina neno, ikiwa mifupi ndiyo inasumbua. Kisha iinamishe chini nyuzi 45.

Kuinamisha kuna kazi. Miguu ikilala mlalo una ohm 22, ukiiteremsha impidansi inapanda, kwenye nyuzi 45 unakaribia 50. Hiyo ndiyo skrubu yako ya kurekebishia: urefu wa fimbo unasogeza masafa, pembe ya miguu inapandisha au kushusha ohm. Usivichanganye. Kwanza tafuta bonde la SWR (masafa ambapo SWR ni ndogo kabisa) liko wapi, kata fimbo milimita moja moja hadi likae 868 (milimita moja inasogeza kama 10 MHz), ndipo ushike miguu.

Mwale wa hii kitu uko karibu na upeo, geini kama 1.5 hadi 2 dBi. Imezidi bati lako la mita kwa kama dB 3 kuelekea tangini, na inakula kipande cha waya cha kama nusu mita.

Kwenye kebo, chini tu ya miguu, vika pete za feraiti (za kuzuia mkondo usiteremke nje ya kebo) 4 au 5 zilizobana. Mchanganyiko namba 61 ndio wa masafa haya. Zile za 43 zilizojaa madukani zimekusudiwa 25 hadi 300 MHz. Ukimaliza shika kebo tena: SWR isipotikisika, umefaulu.

#7 · mtaa_wa_pili

Swali dogo. Paa la nyumba ni mabati tayari, mita nyingi tu kila upande. Si ndiyo bamba kubwa la bure? Kwa nini mtu asitoboe paa akaweka fimbo?

#8 · Tanga_RF

Bure ina gharama. Kwanza ni yaleyale aliyosema mzee, bamba kubwa lenye ukingo linainua mwale. Pili, paa limeinama. Fimbo yako iko wima lakini bamba limelala nyuzi 15 au 20, kwa hiyo upande wa mteremko mwale unashuka kuelekea majirani na upande wa pili unaelekea juu. Nyuma ya mgongo wa paa ndiyo giza kabisa.

Maungio ya mabati yana rangi, kutu na washa za mpira, lakini kwa 868 MHz hilo si tatizo kubwa la kupitisha mkondo: bati mbili zilizolaliana sm 10 zina kapasitansi ya kutosha kuunganisha mawimbi hata zisipogusana chuma kwa chuma. Tatizo la kutu ni jingine. Maungio yenye kutu yanafanya kazi kama dayodi, na ukirusha nguvu kubwa karibu nayo yanazalisha masafa ambayo hukuyatuma. Kwa LoRa ya milliwati 25 hutaligundua. Kwa redio ya wati 50 utalisikia kwenye kipokezi cha jirani.

Ukitaka mabati yakusaidie, panda juu yake. Nguzo ya mita 2 au 3 juu ya mgongo wa paa, antena yenye miguu yake, na mabati yabaki ya mvua.

#9 · kisiki_cha_mnazi

Na wavu? Nina wavu wa kuku wa matundu ya mm 25, nataka kutengenezea graundi ya antena ya ADS-B (ishara ambazo ndege hutuma kutaja mahali zilipo), 1090 MHz. Kwa ndege si ndiyo tunataka mwale uliopanda juu?

#10 · binti_saketi

Wavu unafanya kazi kama tundu ni dogo kuliko sehemu ya kumi ya wimbi; ukitaka usalama, sehemu ya ishirini. Kwa 1090 MHz wimbi ni mm 275, sehemu ya kumi ni mm 27. Uko mpakani. Wavu wa kahawa wa mm 12 ni bora. Ubaya wa wavu wa kuku ni kwamba nyaya zimesokotwa tu, hazikulehemiwa, na baada ya miezi ya chumvi ya pwani kila msokoto unakuwa na upinzani wake.

Unene wa chuma usikusumbue. Kwa masafa haya mkondo unatembea kwenye ngozi ya maikromita 2 hadi 3 kwa shaba au alumini. Hata karatasi ya alumini ya kuokea inatosha kiumeme, ila haitavumilia kaskazi.

Kuhusu ndege, fikiri tena. Ndege iliyo kimo cha km 10 na umbali wa km 200 unaiona nyuzi 2 tu juu ya upeo, ukishatoa mpindo wa dunia. Zile zilizo nyuzi 35 ziko kilomita 14 toka kwako na zinasikika hata kwa msumari. Bamba kubwa linakupa nguvu kwa ndege usiyoihitaji na kukunyima ile ya mbali. Kinachofaidika kweli na bamba kubwa ni setilaiti inayopita juu, au droni iliyo karibu na wewe kwa kimo.

#11 · dereva254

Wadau wa Kenya na Bongo, sasa niulize ya gari. VHF ya 145 MHz, antena ya sumaku. Watu wengine wanaiweka kwenye boneti, wengine kwenye kona ya paa ili isigonge matawi. Iko tofauti kweli?

#12 · Mzee_Koili

Ipo, na inaonekana. Kwa 145 MHz wimbi ni mita 2.07 na fimbo kama sm 49. Paa la gari la kawaida lina upana wa mita 1 na kitu, kwa hiyo katikati ya paa unapata karibu robo wimbi kila upande. Hapo gari ni bamba dogo kwa kipimo cha wimbi, na mwale haujapanda sana. Ndiyo nafasi bora.

Ukiiweka kwenye kona au kwenye boneti, mwelekeo unavutwa kuelekea upande wenye chuma kingi zaidi. Antena ya kona ya nyuma kushoto inasikika vizuri mbele kulia, na upande wa pili inanyong'onyea. Kwenye boneti, kabini nayo inaziba nyuma.

Sumaku haigusi chuma, inaunganisha kwa kapasitansi kupitia rangi na ile ngozi ya plastiki. Kitako cha mm 60 juu ya plastiki na rangi ya jumla mm 0.3 kina kama pF 250. Kwa 145 MHz huo ni upinzani wa ohm 4.4, unavumilika. Kwa 868 haufiki ohm 1. Lakini mtu akichukua sumaku hiyohiyo akaifanyia CB (redio ya raia) ya 27 MHz, ni karibu ohm 24 katikati ya njia ya kurudi, na ndipo kebo inapogeuka graundi. Ukiweka mpira mnene chini ya sumaku ili isikwaruze rangi, kapasitansi inaporomoka na yale ya VHF yanaanza kufanana na ya CB.

Na usikimbilie fimbo ya 5/8 ya wimbi kwa sababu boksi limeandikwa geini. Juu ya graundi isiyo na mwisho inazidi robo wimbi kwa dB 3. Juu ya paa la gari sehemu kubwa ya hiyo faida inakwenda angani. Ukikosa chuma kabisa, kama mashua ya fibaglasi au ngalawa, robo wimbi haina pa kusimama, chukua nusu wimbi inayolishwa mwishoni. Antena za mashua za VHF za baharini, zile za chaneli 16, nyingi zimejengwa hivyo kwa sababu hiyohiyo.

#13 · mtaa_wa_pili

Kama bamba kubwa halisaidii upeoni, mbona minara ya redio za AM inazikiwa nyaya 120 chini?

#14 · Mzee_Koili

Swali zuri, na jibu lake ni la tatizo tofauti. Mnara wa AM umesimama kwenye ardhi yenyewe, na ardhi ndiyo bamba lisilo na ukingo wa karibu. Adui pale ni udongo: mkondo wa kurudi ukipita kwenye udongo unageuka joto. Brown, Lewis na Epstein wa RCA walilipima jambo hili mwaka 1937 kwa kuongeza idadi na urefu wa nyaya, na kutoka hapo ile namba 120 ikawa desturi ya watangazaji. Nyaya hizo zinaokoa nguvu isipotelee ardhini. Hazikuwekwa kupinda mwale.

Antena iliyoinuliwa mita 6 haina udongo mdomoni. Miguu minne inatosha. Ukiongeza ikawa minane hutaona tofauti kwenye kipimo cha kawaida.

#15 · pampu_ya_shamba

Nimetengeneza ya miguu kama alivyoelekeza Tanga_RF, SWR 1.2, kebo haitikisi kitu. Nawezaje kulinganisha antena kwa haki bila maabara?

#16 · binti_saketi

Acha nodi moja pale tangini, isiguswe. Nguvu ya kurusha na spreading factor (mpangilio wa LoRa wa kasi dhidi ya umbali) viwe vilevile. Antena zote ziketi kimo kilekile hadi sentimita, kebo ileile, konekta zilezile. Pokea pakiti 100 kwa kila antena, chukua wastani wa RSSI na SNR (ishara ikilinganishwa na kelele), kisha rudia antena ya kwanza mwishoni. Kama ya kwanza haikurudi kwenye namba yake ndani ya dB 1, hali ya hewa au kitu kingine kimebadilika na vipimo vyote hivyo ni vya kutupa.

Ukipimia karibu, usisogee chini ya umbali wa 2D²/λ (D ni upana wa antena, λ ni urefu wa wimbi). Kwa bati la mita 1 ni mita 5.8; jipe nafasi ya ziada, ila mwakisiko wa ardhi bado unaweza kukuchezea. Hapo karibu weka kipunguza nguvu cha dB 30 upande wa kurusha, kipokezi kisikabwe.

NanoVNA ya kwanza inafika 900 MHz, ila juu ya 300 inatumia hamoniki na usahihi unapungua. Fanya kalibresheni ya wazi, fupi na mzigo kwenye mwisho wa kebo, pale antena inapofungwa. Ukikalibreti kwenye kifaa halafu ukaongeza mita 5 za kebo ya RG58, hasara ya kebo itapunguza SWR kwenye skrini na utasifu antena mbovu.

#17 · Tanga_RF

Umetaja RG58. Mkuu pampu, kebo yako ni ipi na ina urefu gani? RG58 kwa masafa hayo inakula kama nusu dB kila mita. Mita 10 ni dB 5, kuliko mjadala wote huu wa bamba. LMR-400, kebo nene zaidi, kwa urefu huo inakula kama 1.3. Na zile nyembamba za antena za sumaku, RG174 ya mita 3, hazipungui dB 2.5 hadi 3.

#18 · pampu_ya_shamba

RG58, mita 8. Kumbe.

#19 · Mzee_Koili

Basi kazi iko hapo na kwenye kimo. Kwa vimo vyako, mita 6 na 1.5, kuanzia kama mita 330 mbele wimbi la moja kwa moja na lile lililogonga ardhi yanaanza kuuana. Baada ya hapo kuongeza kimo mara mbili kunarudisha hadi dB 6. Tena eneo la Fresnel (nafasi inayotakiwa kuwa wazi kuzunguka mstari wa mawimbi) katikati ya njia ya km 4 lina nusu kipenyo cha karibu mita 19, kwa hiyo nguzo ya mita 6 imezama ndani yake, na migomba ikiwa njiani hali ni mbaya zaidi.

Pandisha getiwei yenyewe juu ya nguzo ndani ya boksi lisilopitisha maji, ipelekee umeme na data kwa kebo ya mtandao, na koaksia ibaki nusu mita. Nguzo ifike mita 12 kama waya za kuivutia unazo. Antena ya tangini nayo ipandishe hadi mita 3, kwa sababu kule ndiko kimo ni rahisi zaidi kukiongeza mara mbili.

#20 · Tanga_RF

Konekta ya nje: zungushia mpira wa kujishika wenyewe, anzia chini kwenda juu ili mikunjo ilaliane kama vigae, halafu juu yake utepe wa kawaida dhidi ya jua. Pete ya miguu ya shaba ukiifunga moja kwa moja kwenye soketi ya alumini, karibu na bahari itaota unga mweupe na SWR itaanza kuyumba; paka solda kwenye pete kwanza na weka grisi. Acha kebo ifanye kitanzi kinachoning'inia kabla haijaingia kwenye boksi, maji yadondokee pale.